Loa Amu za Mbele: Kaza Bushi Gari Likiwa Limesimama kwa Miguu Yake



Wengi mmezoea kunisoma hapa nikiandika kuhusu kantangaze, mbolea na namna ya kupanga nyanya kwenye tenga. Leo naandika kuhusu miguu ya gari, na sidhani kama nimetoka nje ya kazi yangu. Nyanya iliyokwisha kuiva haimsubiri mtu. Unaweza kupiga dawa kwa wakati, ukapalilia, ukavuna vizuri, halafu faida yote ikaishia njiani kwa sababu gari lililokuja kuchukua mzigo limelala kwenye korongo, tairi la mbele limepinda. Gari la kubebea mazao ni zana ya kilimo kama ilivyo pampu ya maji. Zana isipotunzwa humla mwenyewe.

Kilichonisukuma kuandika ni mama mmoja mnunuzi wa nyanya huku kwetu. Ana Probox ya kubebea mizigo, na dereva ni kijana wake wa kumzaa. Gari lilianza kugonga mbele kila likipita kwenye mashimo. Akalipeleka gereji mjini, akabadilishiwa bushi za loa amu, kugonga kukaisha. Haikupita miezi mitatu kukarudi. Akaambiwa spea alizofungiwa zilikuwa feki, akanunua za bei ya juu zaidi. Nazo hazikumaliza msimu. Ndipo akanijia nyumbani.

“Bwana shamba, wewe si ulisomea mambo ya matrekta? Mtaji wangu unaishia gereji. Na mwanangu ndiye anayeshuka Kitonga na hilo gari.”

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nivae ovaroli. Wanaoujua Mlima Kitonga, kwenye barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Morogoro, wanaelewa: mteremko mkali, kona zimefuatana, malori mbele na nyuma. Si mahali pa kwenda na tairi lisiloshikwa vizuri.

Mimi si fundi wa magari kwa kazi. Chuoni tulisoma zana za kilimo, na likizo nyingi nilizimalizia gereji kwa mjomba wangu nikimshikia spana. Kazi hii nimeifanya mara kadhaa kwenye gari langu mwenyewe uani. Kwa hiyo nilimwambia mama tutalifungua pamoja na kijana wake, na kama tukikuta jambo lililotuzidi, tutamwita fundi.

Loa amu ni kitu gani

Chungulia nyuma ya tairi la mbele. Utaona mkono wa chuma umelala, umetoka katikati ya gari kwenda kwenye tairi. Hiyo ndiyo loa amu. Mafundi wengine huiita kontroli amu, wengine wishiboni. Upande wa ndani, katika magari mengi tunayotumia, imefungwa kwenye krosimemba kwa bolti mbili kubwa, na kila bolti imepita katikati ya bushi ya mpira. Upande wa nje kuna boli jointi, ambayo inashika nako, yaani kile chuma kinachobeba tairi.

Uzito wa gari hubebwa na springi, na shokapu hutuliza mruko wake. Kazi ya loa amu ni kulishika tairi mahali pake: lisirudi nyuma unapokanyaga breki, lisisogee unapokata kona, lakini liwe huru kupanda na kushuka. Ndiyo maana bushi ikichanika gari huendelea kutembea, ila tairi linacheza. Boli jointi ikichomoka ni jambo jingine kabisa. Tairi hulala upande, usukani hauna kazi tena, na gari linakwenda linakotaka lenyewe.

Dalili za kuangalia

Gari linagonga “ko, ko” ukipita kwenye matuta au mashimo. Ukikanyaga breki linavuta upande mmoja, au unasikia kitu kimehama mbele. Usukani hautulii, unaurekebisha kila mara hata barabara ikiwa imenyooka. Tairi la mbele linalika upande mmoja zaidi ya mwingine.

Dalili hizi zinaweza kutoka pia kwenye shokapu, linki za stabilaiza au tairodi endi, kwa hiyo usikimbilie kununua spea. Pima kwanza. Inua gari upande mmoja, liweke kwenye stendi, tairi lining'inie. Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta huku mwenzako akitazama boli jointi. Ikicheza, imekwisha. Angalia pia kofia yake ya mpira. Ikiwa imechanika na grisi imetoka, vumbi na maji vimeshaingia, na hata kama leo haichezi haitakaa muda mrefu. Kisha chukua mtaimbo mdogo, uuweke kati ya amu na krosimemba, usukume taratibu. Bushi nzima husogea kidogo na kurudi. Iliyokufa huacha chuma kikagonga chuma, au utaona mpira umeachana na bomba lake.

Kwenye gari la mama yule boli jointi zilikuwa nzima. Bushi ndizo zilizokufa, pande zote mbili, na zilikufa kwa namna moja: mpira umechanika kuzunguka bomba la kati, kama kitambaa kilichokamuliwa hadi kikatatuka. Hapo nikamuuliza kijana, “Siku walipobadilisha, bolti zilikazwa gari likiwa juu ya jeki au likiwa chini?” Akasema alikuwepo. Gari lilikuwa juu, magurudumu yananing'inia, fundi akakaza bolti zote kwa nguvu, akafunga tairi, ndipo akashusha.

Kwa nini bushi mpya hufa mapema

Hapa ndipo penye kiini cha makala hii, na hata kama hutagusa spana maishani mwako, paelewe.

Bushi ya kawaida ina bomba la chuma nje, bomba jembamba la chuma ndani, na mpira katikati ulioshikamana na mabomba yote mawili. Unapokaza bolti, bomba la ndani linabanwa kwenye krosimemba na haliwezi kuzunguka tena. Kuanzia hapo, amu ikipanda au kushuka, kinachojipinda ni mpira peke yake. Mpira huo umetengenezwa ujipinde kidogo kwenda juu na kidogo kwenda chini, kutoka kwenye mkao wa kawaida wa gari lililosimama chini.

Sasa, gari likiwa juu ya stendi amu inaning'inia chini kabisa. Ukikaza bolti hapo, umeuambia mpira kwamba mkao wake wa kawaida ni ule wa kuning'inia. Ukishusha gari, amu inapanda na mpira unajipinda. Unabaki umejipinda usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa. Ukiingia kwenye shimo unajipinda tena juu ya ule mpindo wa kwanza. Ni sawa na mtu aliyelala shingo imepinda usiku kucha, kisha asubuhi umpandishe gunia kichwani. Spea inaweza kuwa orijino kabisa na bado ikafa.

Kwa hiyo mama yule aliuziwa maelezo ya spea feki wakati tatizo linaloonekana ni namna ya kukaza. Spea feki zipo, sikatai. Lakini kabla ya kulaumu duka, uliza ilifungwaje.

Vifaa

Jeki nzuri. Stendi mbili imara. Kabari au mawe makubwa ya kuzuia matairi ya nyuma. Spana na soketi za saizi za gari lako, pamoja na bomba la kurefushia mkono wa spana. Nyundo nzito. Koleo la kutolea kota pini. Mafuta ya kulegeza kutu. Brashi ya waya. Futi ya kupimia. Ukipata spana ya kupimia mkazo ya kuazima, azima.

Kuhusu spea, ushauri wangu kwa anayefanya nyumbani ni kununua amu nzima yenye bushi na boli jointi yake. Bushi peke yake ni rahisi, lakini kuitoa na kuiingiza kunahitaji presi. Wanaoipigilia kwa nyundo huumiza mpira kabla haujafika barabarani. Nunua pande zote mbili, kwa sababu zimetembea barabara moja na umri mmoja. Nenda dukani na amu ya zamani au namba ya chasisi, na hakikisha umepewa ya kulia na ya kushoto, maana hazifanani. Nunua pia kota pini mpya, na nati mpya kama zile za zamani ni za kujikaza. Amu ya mtumba inaweza kuwa na chuma kizuri sana, lakini mpira wake umezeeka kama wako. Ukiichukua, ichukue kwa ajili ya chuma, bushi uweke mpya.

Kazi yenyewe

Tuliifanya uani kwangu siku ya Jumapili, mahali tambarare na pagumu. Ardhi laini au yenye mteremko haifai, stendi inazama au inateleza.

Kwanza, kabla ya kuinua chochote, pima. Gari likiwa chini bila mzigo, weka futi katikati ya gurudumu la mbele, upime kwenda juu hadi ukingo wa bodi. Andika namba hiyo kwa kila upande. Utaona faida yake mwishoni.

Pili, vuta breki ya mkono, weka gia, zuia matairi ya nyuma. Legeza nati za tairi robo mzunguko gari likiwa bado chini. Kisha inua, weka stendi mahali palipokusudiwa chini ya bodi, ushushe uzito ukae kwenye stendi. Likitikisika, rudia. Tairi ulilotoa lilaze chini ya ubavu wa gari kama akiba ya mwisho. Usiingize hata mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia, haikuumbwa kushikilia.

Tatu, pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti zote na usubiri. Sisi tulikunywa chai kwanza. Bolti iliyokaa miaka mingi ukiilazimisha hukatika, na hapo kazi ya saa tatu inakuwa ya siku mbili.

Nne, tenganisha boli jointi. Zipo za aina mbili. Nyingine imefungwa kwenye amu kwa bolti na nati, ukizifungua amu inaachia. Nyingine imeshindiliwa ndani ya amu, na msumari wake umeingia kwenye nako. Kwa hii ya pili, toa kota pini, legeza nati lakini usiitoe yote, kisha piga nyundo ubavuni mwa jicho la nako palipo na chuma kinene. Mshtuko ndio unaoachanisha. Usiupige msumari wenyewe, utaharibu nyuzi zake. Ile nati uliyoiacha inazuia amu isikurukie usoni itakapoachia.

Tano, kama linki ya stabilaiza imefungwa kwenye amu, ifungue. Halafu fungua bolti za bushi, ukikumbuka kila moja iliingia kutoka upande gani. Mimi huzipanga chini kwenye kadibodi kwa mpangilio uleule, au hupiga picha kwa simu. Usiiache nako ining'inie kwenye mpira wa breki au waya wa ABS. Ifunge kwa kamba.

Sita, linganisha amu mpya na ya zamani zikiwa zimelala pamoja. Urefu, matundu, mkao wa bushi, vyote vifanane. Safisha bolti kwa brashi. Ingiza amu mpya, tia bolti za bushi na uzikaze kwa mkono tu, zikae bila kubana. Usipake grisi wala oili kwenye mpira wa bushi. Mafuta hayo huvimbisha na kulainisha mpira. Kwa sababu hiyohiyo, kama injini yako inavuja oili juu ya bushi, ziba kwanza uvujaji.

Saba, rudisha boli jointi, kaza nati yake kikamilifu na utie kota pini mpya. Nati hii inaweza kukazwa gari likiwa juu, kwa kuwa boli jointi haina mpira wa kujipinda. Matundu yasipolingana na kota pini, ongeza kukaza kidogo hadi yalingane, usilegeze.

Nane, na hii ndiyo hatua inayorukwa: weka jeki chini ya amu, karibu na boli jointi, uinue taratibu. Pima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi. Umbali ukifikia ile namba uliyoandika mwanzo, amu iko kwenye mkao wake wa kawaida. Stendi ibaki mahali pake muda wote. Ukiona gari linaanza kunyanyuka kwenye stendi kabla ya kufika kwenye namba, acha, ushushe, utumie njia ya pili. Ukifika salama, sasa kaza bolti za bushi kwa nguvu inayotakiwa. Njia ya pili ni kwa wenye shimo la gereji: funga tairi, shusha gari, lisukume mbele na nyuma lijikalie, kisha ukaze kutoka chini likiwa limesimama kwa miguu yake.

Nguvu ya kukaza bolti za amu hutofautiana kati ya gari na gari, itafute kwenye kitabu cha gari lako. Kwa nati za tairi, Toyota ndogo nyingi zinataka nyutoni mita 103. Kama huna spana ya kupimia, hiyo ni kama kusukuma kwa uzito wa kilo 35 kwenye mkono wa spana wa sentimita 30. Kuruka juu ya spana kwa miguu miwili ni kuzidisha, na siku ukipata pancha njiani utajuta.

Tisa, rudia upande wa pili. Kisha endesha polepole, jaribu breki mahali pasipo na watu, sikiliza. Peleka gari kwenye alaimenti, usiruke hili, kwa kuwa matairi mapya yanaweza kulika haraka kwa kukosa kazi hiyo ndogo. Baada ya kilomita 50 hadi 100 kagua tena nati na bolti zote.

Mwachie fundi ukikutana na haya

Bolti imeganda kwa kutu na haitoki kabisa. Krosimemba imepinda au ina ufa. Bolti ya bushi imezuiwa na gia boksi, kiasi kwamba lazima krosimemba ishushwe na injini ishikiliwe, jambo ambalo lipo kwenye baadhi ya magari. Au huna stendi. Kazi bila stendi siyo kazi, ni kujitafutia msiba.

Ili zidumu

Probox ya mizigo iliundwa kubeba kilo 400 watu wawili wakiwa mbele. Pima tenga moja la nyanya kwenye mizani, ugawanye, ujue idadi yako. Lakini kwa miguu ya mbele, mwendo na breki huumiza kuliko mzigo, maana mzigo mwingi unakaa nyuma. Dereva anayeingia shimoni amekanyaga breki anaisukuma amu nyuma kwa nguvu mara mbili, ya breki na ya ukingo wa shimo. Punguza mwendo kabla ya shimo, halafu achia breki tairi likiingia. Kijana wa mama yule nilimwambia hivyo, naye akaniambia ameona tofauti hata kwa nyanya za chini ya tenga, hazipondeki kama zamani.

Gari lile limemaliza msimu mmoja na sasa liko katikati ya mwingine, bado bushi ni zilezile. Mama amerudisha fedha yake kwenye kununua mzigo.

Msiokuwa na nafasi ya kufanya wenyewe, nendeni gereji kwa amani, mafundi wazuri tunao. Ila simama pale wakati wa kufunga, na kabla bolti ya mwisho haijakazwa sema kwa heshima, “Fundi, naomba tushushe kwanza, ndipo tukaze.” Anayejua kazi yake ataelewa unachosema.